Wajibu wa kueneza Injili: Historia na mipaka yake katika miji ya Mlima Kenya

KATIKA steji za matatu za Nyeri, Karatina, Kerugoya na Meru, si ajabu kumpata mhubiri akiwa na Biblia mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, akishindana na kelele za makanga na wachuuzi.

Wapo wapita njia wanaosimama kumsikiliza, na wapo wanaokunja nyuso na kuharakisha hatua. Wote hao, wapende wasipende, wanakutana na jambo ambalo Ukristo hauhesabu kuwa la hiari, yaani wajibu wa muumini kumshirikisha mwenzake imani yake.

Makala haya yanaeleza chimbuko la wajibu huo, namna ulivyotekelezwa katika eneo la Mlima Kenya tangu mwanzo wa karne ya 20, gharama iliyolipwa, na mipaka ambayo dini yenyewe na sheria za Kenya zimeuwekea.

Chimbuko la agizo

Wakristo wa madhehebu yote huurejelea mwisho wa Injili ya Mathayo, sura ya 28, ambapo Yesu anawatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote. Kifungu hicho ndicho kinachojulikana kama Agizo Kuu. Katika Matendo ya Mitume 1:8, wanafunzi hao wanaitwa mashahidi, kuanzia Yerusalemu hadi miisho ya dunia.

Naye Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 10, anajenga hoja kwamba hakuna awezaye kuamini habari ambayo hajaisikia, wala kuisikia pasipo mtu wa kuitangaza.

Hata hivyo, Maandiko hayo hayo yanaweka masharti. Waraka wa Kwanza wa Petro 3:15 unamtaka muumini awe tayari kulieleza tumaini lake, lakini kwa upole na heshima. Mathayo 10:14 inamfunza mjumbe aliyekataliwa kukung'uta mavumbi ya miguu yake na kwenda zake. Kwa maneno mengine, kazi ya shahidi ni kusema. Kuamini ni hiari ya msikilizaji.

Kanisa Katoliki lilisisitiza katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iitwayo Ad Gentes, ya mwaka 1965, kwamba Kanisa lote ni la kimisionari kwa asili yake. Kwa hivyo wajibu huu si wa padri au mchungaji pekee. Ni wa kila aliyebatizwa.

Waliofika Tuthu, Tumutumu na Kaaga

Injili haikuwakuta wenyeji wa Mlima Kenya bila dini. Walimwabudu Ngai wakielekeza nyuso zao Kirinyaga na kutoa sadaka chini ya mugumo. Ndiyo maana wafasiri wa Biblia ya Kikuyu walipotafuta jina la Mungu, walilichukua jina hilo hilo la Ngai badala ya kuleta jina geni.

Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa na Padri Giuseppe Allamano mjini Turin, Italia, mwaka 1901, walifika Tuthu katika Murang'a ya sasa mwishoni mwa Juni 1902. Walikuwa wanne: mapadri Tommaso Gays na Filippo Perlo pamoja na mabruda Celeste Lusso na Luigi Falda. Walipokewa na Chifu Karuri wa Gakure, ambaye alibatizwa mwaka 1916.

Inafaa kukumbuka kwamba mwenyeji huyo aliyewapa wageni ardhi na ulinzi alikaa karibu miaka 14 kabla ya kuipokea dini yao.

Machi 1904, wamisionari hao walikutana Murang'a kupanga mbinu za kazi. Waliafikiana kuwafunza makatekista, kufungua shule, kutibu wagonjwa na kuzitembelea familia vijijini. Kutoka hapo kazi ikasambaa hadi Nyeri, ambako Mathari ilikuja kuwa kitovu chao. Mwaka 1916 walianza kuchapisha gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu.

Wapresibiteri wa Misheni ya Kanisa la Scotland, waliokuwa na makao Thogoto tangu 1898, walifungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Waanglikana wa CMS walifungua Kabare, katika Kirinyaga ya leo, na Kigari huko Embu mwaka 1910. Wamethodisti walianza kazi Kaaga, Meru, mwaka 1912. Chogoria, kituo kingine cha Wapresibiteri, kilianzishwa mwaka 1922.

Vituo hivyo vingi vilipata umaarufu kwa shule na hospitali zao. Wapo wanaodai kwamba darasa na zahanati vilikuwa chambo tu. Lakini kwa wamisionari wenyewe, kumponya mtu na kumfunza kusoma kulikuwa sehemu ya ujumbe. Hasa miongoni mwa Waprotestanti, aliyetaka ubatizo alitarajiwa kuweza kujisomea Maandiko. Agano Jipya kamili kwa Kikuyu lilipatikana mwaka 1926.

Ni haki pia kusema waziwazi kwamba mzigo mkubwa wa uinjilisti ulibebwa na wenyeji. Mzungu mmoja angekaa kituoni, ilhali walimu na makatekista Waafrika wakivuka mito na mabonde kufundisha katika shule za vijijini. Wengi wao hawakuandikwa vitabuni, ingawa bila wao lugha ya mgeni isingefika mbali.

Nyaatha wa Gikondi

Miongoni mwa wamisionari wa kigeni, hakuna anayekumbukwa Nyeri kama Sista Irene Stefani. Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891 na kufika Kenya mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto.

Aliwahudumia wapagazi wa jeshi la Uingereza, wale wa Kariakoo, katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Maelfu ya Waafrika walikufa katika kazi hiyo ya kubeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao.

Kuanzia mwaka 1920 alifanya kazi Gikondi, Mukurwe-ini. Alifundisha, akauguza, akawaandikia barua wasiojua kuandika, na kuzunguka milima hiyo kwa miguu akiwatembelea wagonjwa. Wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Oktoba 31, 1930, alikufa kwa tauni aliyoambukizwa alipokuwa akimuuguza mwalimu wa shule.

Mei 23, 2015, alitangazwa Mwenye Heri katika ibada iliyofanyika Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Muujiza uliokubaliwa na Vatikano ulihusu Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989, ambapo waumini waliokwama kanisani wakati wa vita walimwomba awasaidie, na maji ya birika la ubatizo yakawatosha. Allamano mwenyewe alitangazwa Mtakatifu mjini Vatikano mnamo Oktoba 20, 2024.

Alama ya kidole gumba

Historia hii ina upande mwingine. Mwaka 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti, zikiongozwa na ile ya Scotland, ziliwataka walimu na waumini wao watie sahihi au alama ya kidole gumba kuthibitisha kwamba wameukana ukeketaji wa wasichana na kwamba si wafuasi wa chama cha Kikuyu Central Association. Alama hiyo iliitwa kirore.

Waliokataa walipoteza ushirika, na walimu wakapoteza kazi. Wakatoliki hawakudai kirore, nao Waanglikana hawakuwa na msimamo mmoja. Wimbo wa kejeli wa Muthirigu ukaenea vijijini hadi serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwaka 1930.

Kuhusu madhara ya ukeketaji, wamisionari walikuwa na hoja nzito. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeupiga marufuku kabisa. Lakini njia iliyotumika mwaka 1929 iliwafanya wengi waone kwamba wanatakiwa kuchagua kati ya Kristo na ukoo wao, na kwamba anayewalazimisha ndiye pia anayenufaika na utawala uliowanyang'anya ardhi.

Matokeo yake, maelfu waliondoka. Hawakuondoka Ukristoni, bali misheni. Walijenga shule huru za KISA na za Karing'a, na kutoka kwao yakazaliwa makanisa kama vile African Independent Pentecostal Church of Africa na Kanisa la Kiothodoksi. Mwaka 1935 waliomba na kumpokea Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, aliyewafundisha na kuwawekea mikono viongozi wao. Wakati huo huo, Waakurinu nao walikuwa wakieneza imani yao bila mmisionari yeyote.

Linganisha na yaliyotokea Tharaka mwaka 1996, ambapo familia zilikubali sherehe mbadala iliyoitwa Ntanira na Mugambo, yaani kutahiri kwa maneno. Wasichana walifunzwa mambo ya utu uzima bila kukatwa. Lengo lilikaribiana na lile la 1929, ila safari hii wazazi walishawishiwa, hawakushurutishwa.

Uamsho na kiapo

Mwaka 1937, vuguvugu la Uamsho wa Afrika Mashariki lililoanzia Gahini, Rwanda, liliingia Kenya. Ndugu wa Uamsho waliungama dhambi zao hadharani, wakarudisha walivyoiba na kupatana na mahasimu wao. Mahubiri yao yalianza na maisha ya mhubiri mwenyewe.

Imani hiyo ilitiwa majaribuni baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba damu ya Kristo iliwatosha. Wengi walikataa pia kubeba bunduki upande wa serikali. Hivyo wakachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao wakauawa.

Mjini Murang'a, kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa kwa kumbukumbu ya mashahidi hao. Ndani yake mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, alichora ukutani maisha ya Yesu katika mandhari na sura za Kikuyu.

Haifai, hata hivyo, kuigawanya historia hiyo kati ya Wakristo na wasio Wakristo. Dedan Kimathi mwenyewe aliwahi kusoma Tumutumu, na wapiganaji wengi wa msituni walikuwa wamebatizwa. Swali lililowakabili wote lilikuwa iwapo dini iliyoletwa na watawala ingeweza kusimama upande wa wanyonge.

Kutoka kupokea hadi kutuma

Baada ya Uhuru, viongozi wa Kiafrika walitwaa usukani. Caesar Gatimu aliongoza Jimbo Katoliki la Nyeri kuanzia mwaka 1964, na mwaka 1990 likawa Jimbo Kuu chini ya Nicodemus Kirima.

Kwa Wapresibiteri, katibu mkuu wa PCEA, Kasisi John Gatu, aliushangaza mkutano nchini Marekani mwaka 1971 alipopendekeza kutumwa kwa wamisionari na fedha za kigeni kusitishwe kwa muda. Hoja yake ilikuwa kwamba Kanisa la Afrika halingekomaa iwapo lingeendelea kulishwa. Kaulimbiu ya PCEA ikawa Jitegemea.

Sheria na mipaka ya wajibu

Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda haki hii. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, ukiwemo uhuru wa kuidhihirisha imani yake kwa ibada na mafundisho, peke yake au pamoja na wengine. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalokinzana na imani yake. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali.

Haki ya kuhubiri, basi, haimpi mtu ruhusa ya kumnyima jirani usingizi. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinahusu pia vipaza sauti. Aidha, miji hii si ya Wakristo pekee. Nyeri ina jamii ya Waislamu ya miaka mingi mtaani Majengo, na wapo Wakikuyu ambao wangali wanaomba wakielekea mlimani.

Mkasa wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, uliwakumbusha Wakenya kwamba si kila anayeshika Biblia anastahili kufuatwa. Msikilizaji naye ana wajibu wake, wa kupima asikiayo.

Mwaka 2011, Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikano na Muungano wa Kiinjili Ulimwenguni walitoa mwongozo wa pamoja kuhusu ushuhuda wa Kikristo. Unakataa udanganyifu, shuruti na kutumia umaskini au ugonjwa wa mtu kama njia ya kumvuta dini.

Kwa muumini wa Nyeri au Chuka anayetaka kuutimiza wajibu wake leo, mambo machache yanafaa kuzingatiwa:

Kwanza, aanze nyumbani, kazini na katika jumuiya yake ndogo, mahali ambapo maneno yake yanaweza kulinganishwa na matendo.

Pili, amwombe mtu ruhusa ya kuzungumza naye, na akikataliwa akubali bila kinyongo.

Tatu, asitoe msaada kwa sharti la kubadili dini, wala asiahidi uponyaji na utajiri kwa malipo.

Nne, asimzuie mgonjwa kutumia dawa wala mtoto kwenda shule.

Tano, aijue imani ya jirani yake kabla ya kuikosoa.

Masharti hayo si mapya. Yanatokana na yale yaliyokwisha kushuhudiwa katika miteremko ya mlima huu. Pale mjumbe alipoilipa gharama mwenyewe, kama Gikondi mwaka 1930, watu walimsikiliza na wangali wanamkumbuka. Pale gharama ilipotwikwa msikilizaji, kama ilivyokuwa mwaka 1929, alijitafutia mahali pengine pa kumwabudia Mungu yule yule.