Jembe kwa mjane, ardhi kwa shemeji

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 20, unafika Kisesa. Hapo unaacha lami na kukifuata kilima cha mawe mpaka Bujora. Ndipo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alipojenga kanisa lenye sura ya msonge wa Kisukuma, na ndipo yalipoanzishwa Makumbusho ya Wasukuma mwaka 1968. Ngoma za watemi zimetunzwa katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Kila Juni, katika sherehe za Bulabo, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana kucheza na umati hukusanyika.

Ngoma zile zilibaki bila mtemi wa kupigiwa mwaka 1963, Serikali ya Tanganyika ilipofuta utawala wa jadi. Lakini mwaka huohuo mila nyingine iliongezewa nguvu. Tangazo la Serikali Na. 436 liliandika kanuni za urithi za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Binti hurithi katika daraja la mwisho, na ardhi ya ukoo anaruhusiwa kuitumia tu, si kuiuza.

Kazi ya kuandika mila ilikuwa imeanza zamani. Mwaka 1953 Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria na mila za Wasukuma. Waliosikilizwa zaidi katika kazi ya namna hiyo walikuwa watemi na wazee. Mila iliyokuwa ikijadiliwa barazani, kesi kwa kesi, ikageuka maandishi yasiyosikia kilio cha mtu.

Wakati sheria ikiganda, ardhi yenyewe ilikuwa ikibadilika. Wakoloni walifyeka misitu mikubwa ya Usukuma ili kufukuza mbung'o. Kisha pamba ikatanda, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana chini ya shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Wanawake walipanda, walipalilia na kuchuma, lakini mara nyingi fedha zilipokelewa na mkuu wa kaya. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikawahamisha watu, na ngitili, yaani malisho yaliyofungwa ili yasaidie wakati wa kiangazi, zikaachwa. Miti ilipokwisha, aliyetembea mbali zaidi kutafuta kuni alikuwa mama.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana mkoani humo zilikuwa hekta 600 hivi. Wanakijiji wakarudia maarifa ya babu zao, na katika miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Kuni, dawa, mboga za porini na nyasi za kuezekea zikasogea karibu na nyumbani. Ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, mwanamke aliyeilinda ngitili kwa miaka 20 angeweza kuipoteza siku moja baada ya matanga.

Ziwani nako hali ilifanana. Sangara waliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, wakafurika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Wanawake wengi waliozoea kununua samaki ufukweni wakabaki kukaanga na kuuza mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki viwandani.

Ilikuwa Mwanza pia ambako mlango wa haki ulifunguliwa. Mwaka 1988 Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Jamaa wa ukoo akamshtaki. Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi aliyorithi inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na ikataka Baraza la Ardhi la Kijiji la watu saba liwe na wanawake wasiopungua watatu.

Lakini kanuni za urithi zilibaki palepale. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, walioondolewa majumbani mwao na ndugu wa waume zao, walifika Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, iliwapa haki na kuitaka nchi irekebishe sheria hizo.

Tunahubiri maendeleo endelevu, tunapanda miti, tunalinda vyanzo vya maji. Nani atapanda mti wa miaka 30 katika shamba ambalo shemeji anaweza kulichukua kesho? Wanandoa waandikishe majina yote mawili kwenye hati ya kimila. Halmashauri za vijiji zisiidhinishe uuzaji wa shamba la familia bila kumsikiliza mke. Na Bunge lizifute kanuni zile za mwaka 1963. Anayetaka kuzisoma baada ya hapo azikute Bujora, kando ya ngoma za watemi, mahali tunapotunza yaliyokuwa yetu na yaliyokwisha muda wake.