Moyo wa Barafu

Wengi hudhani kiwanda cha barafu ni mahali pa baridi. Mimi niliyeendesha mitambo ya kiwanda kimoja kidogo Tanga, miaka ya 1990, sijapata kutokwa jasho mahali popote kama pale. Na ndivyo inavyopasa kuwa, kwani baridi haitengenezwi. Kinachofanyika ni kuliondoa joto lilipo na kulitupa nje, na anayesimama linapotupiwa ni mwendesha mitambo.

Kompresa huibana gesi ya amonia mpaka ikawa moto. Gesi hiyo hupita katika mabomba yanayomwagiwa maji, ikapoa na kuwa kimiminika, kisha huachiwa ipenye katika vali nyembamba. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri; ikichemka hunyonya joto la kila kilicho karibu nayo. Karibu yake palikuwa na tangi la maji ya chumvi, ambayo hayagandi upesi, na humo tulitumbukiza makopo marefu ya bati yaliyojaa maji ya bomba. Barafu huganda kutoka pembeni kwenda katikati. Ukiitoa kabla ya wakati utaiona ngumu kama jiwe, kumbe moyo wake ni maji. Harufu ya amonia sitaieleza; asiyewahi kuivuta na ashukuru.

Mgawo wa umeme ndio ulionifanya niulize nguvu ile ilitoka wapi. Umeme wa Tanga kwa miaka mingi ulikuwa habari ya mto mmoja. Katika miaka ya 1930 kilijengwa kituo kwenye maporomoko ya Pangani, na mashamba ya mkonge yakawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Hale ikafuata mwaka 1964, megawati 21, kisha kituo kipya cha Pangani mwaka 1995, megawati 68. Mto wenyewe hupokea maji ya Meru na Kilimanjaro, mlima ule ule alioufikia Johannes Rebmann mwaka 1848. Mwenyeji aliyemwongoza aliiita ile nyeupe ya kileleni "baridi", basi. Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, wasomi wa London walimbishia. (Nisipotoshe: mto hulishwa zaidi na mvua na chemchemi za msituni kuliko barafu ya kileleni, ambayo tangu 1912 imepungua eneo lake kwa zaidi ya asilimia 80.)

Njiani maji hayo yana wenyewe. Wachagga walichimba mifereji yao kabla Wajerumani hawajafika. Chini yao wako wakulima wa mpunga wa Moshi, na chini zaidi mashamba ya mkonge. Sisi wa pwani tulikuwa wa mwisho, tena hatukujua kwamba tumo katika foleni.

Ukame wa 1992 hadi 1994 ulipunguza maji katika mabwawa, Mtera likiwemo, na kwa kuwa nchi imeunganishwa kwa nyaya, mgawo ukatufikia sote. Umeme ukikatika saa nyingi, tangi lilipata joto na kazi ya usiku kucha ikarudi nyuma. Asubuhi moja tulikuwa na barafu chache zilizoganda sawasawa. Niliagizwa nizipakie kwenye lori la mfanyabiashara aliyelipa mapema. Zilizobaki nilizijua moyo wake.

Akaja mzee mmoja, mvuvi wa Kigombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imeiva?"

"Imeiva."

Akalipa, akaipanga sandukuni kwa pumba za mbao, akaenda baharini. Siku ya tatu nilimkuta Deep Sea akipasua changu na kolekole awafanye ng'onda, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwanunua wabichi. Aliniona. Hakunitukana, na mimi sikuomba radhi. Nilijiambia kwamba si mimi niliyekata umeme, wala si mimi niliyegawa barafu. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini yule mzee hakuwa ameniuliza habari za umeme.

Alirudi wiki iliyofuata, kwani angeenda wapi? Ila tangu siku hiyo aliigonga kila barafu kwa mpini wa kisu, akategea sikio, ndipo akatoa pesa. Nami nilisimama kando nikimngoja amalize.