Makaburi ya Taveta na mashujaa wasiotajwa
MJI mdogo wa Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, una makaburi ya wanajeshi waliouawa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Wajerumani waliuteka mji huo Agosti 1914. Ili kuukomboa, Waingereza walijenga reli kutoka Voi, na mnamo Februari 12, 1916, wakashambulia kilima cha Salaita lakini wakashindwa. Mwezi uliofuata, wakiongozwa na Jenerali Jan Smuts, waliwafurusha adui baada ya mapigano makali katika vilima vya Latema na Reata.

Makaburi hayo hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917.

Hata hivyo, maelfu ya wapagazi Waafrika waliobeba risasi na chakula cha majeshi ya Uingereza walifariki, hasa kwa maradhi, na wengi hawakuwekewa hata jiwe. Jina la kikosi chao limesalia katika mtaa wa Kariokor, Nairobi.

Aprili 2021, tume hiyo ilikiri kuwa Waafrika wengi walinyimwa heshima waliyopewa wenzao Wazungu, ikaomba radhi. Majina yanayosomwa Taveta, basi, ni ya baadhi tu ya waliojitolea mhanga.