Barua, Redio na Mwalimu wa Kijijini: Elimu ya Masafa Kutoka Kwa Bibi Aisha Hadi Kilosa



Siku hizi mabibi harusi wetu wengi wa visiwani wakiulizwa fungate wapi, hujibu: Mikumi. Hatuwalaumu. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati yake, kiasi kwamba unaweza kuona twiga na tembo ukiwa bado ndani ya gari. Lakini ukitoka hifadhini, tazama na pembezoni mwa barabara. Utaona watoto wa sare wanatembea na madaftari mkononi. Wengine wanatoka vijiji vya ndani, ambako njia ya kwenda skuli ina mito, milima na wanyama. Ukielekea kaskazini, upande wa Kilosa, ni hivyo hivyo.

Swali letu leo ni hili: mtoto aliye mbali na skuli, au aliye na skuli isiyo na mwalimu, elimu humfikiaje? Jawabu lina historia ndefu, na wanawake wamo ndani yake tangu mwanzo.

Tuanze Madina. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mwalimu wa masahaba na wa waliokuja baada yao. Mpwa wake, Aisha binti Talha, ambaye alilelewa naye, alisimulia kwamba watu walikuwa wakimwandikia barua kutoka miji mbalimbali, wengine wakileta na zawadi. Bibi Aisha alikuwa akimwagiza ajibu barua ile na alipe zawadi ile. Tuyatazame mambo yaliyomo humo: yupo mwanafunzi wa mbali, ipo barua, na yupo mwalimu anayehakikisha kila barua inajibiwa. Hiyo ndiyo elimu ya masafa, karne nyingi kabla ya posta na intaneti.

Kilosa nayo si ngeni kwetu. Bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, mkabala na Unguja, kwenda bara hadi Ujiji. Bidhaa zilipita hapo, na dini na Kiswahili vikapita pamoja nazo. Kisha ikaja reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, nayo ikapita Kilosa. Lakini treni huwafaa walio karibu na stesheni. Vijiji vya milimani na vya wafugaji vilibaki mbali vile vile.

Baada ya uhuru, serikali ilitumia kitu kinachovuka mto bila daraja, nacho ni redio. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Redio peke yake haikutosha, ilihitaji mtu wa kuuliza, "Jamani, tumesikia nini? Sasa tufanye nini?"

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa wa watoto. Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto wa Tanzania Bara aliyefikia umri aanze skuli ifikapo 1977. Watoto wapo, walimu hawapo, na vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa haraka hiyo. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na kusomeshwa ualimu huko huko waliko. Asubuhi walifundisha madarasa ya chini. Mchana walikaa na mkufunzi wa kata, wakasoma vijitabu vilivyotumwa, wakafanya mazoezi na kusikiliza vipindi vya redio. Mwisho wakaenda chuoni kwa muda mfupi na kufanya mtihani. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Tuseme ukweli: walidharauliwa. "Mwalimu wa UPE" likawa jina la kejeli, na ni kweli kwamba maandalizi yao yalikuwa mafupi. Lakini tujiulize, kama wasingekuwapo, nani angemshikisha chaki mtoto wa kijiji cha ndani mwaka ule? Wapo mama zetu na shangazi zetu wa bara wanaosoma msahafu na ujumbe wa simu leo kwa sababu binti wa darasa la saba alisimama mbele yao.

Kwetu visiwani, miaka ya 2000 kulikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo wa Unguja na Pemba. Sauti ya redioni inauliza, kisha inanyamaza kidogo ili watoto wajibu, waimbe, wahesabu, warukeruke. Na hapo palikuwa na mlezi, aghlabu mama wa mtaa huo huo, anayewasimamia.

Karibuni zaidi, kati ya 2017 na 2019, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwahi kuingia darasani. Walipoanza, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilishuka hadi karibu nusu. Ni hatua kubwa, lakini nusu nyingine bado walihitaji mtu.

Na ndilo funzo tunaloliona kote. Chombo hubadilika, kutoka barua kwenda redio hadi kishikwambi, lakini lazima awepo mtu wa karibu. Betri huisha na mtandao hukatika. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, mafuriko ya Mkondoa yaliwatoa watu zaidi ya 20,000 majumbani mwao Kilosa na kuibomoa reli. Machi 2020 skuli zilifungwa kwa ajili ya korona, masomo yakahamia redioni na kwenye runinga. Mtoto aliyekuwa na mama wa kukaa naye akiuliza, "Mwanangu, umesikia nini leo?" alifaidika kuliko aliyeachiwa redio peke yake.

Kwa hiyo, bi harusi mwenzetu, jambo hili linakuhusu. Mwalimu wa karibu wa mwanao utakuwa wewe. Na kama masomo yako yamekatika, usiseme ndoa imefunga mlango. Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, aliolewa mwaka 1978. Baada ya hapo alisoma Mzumbe, chuo kilichopo kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda Mikumi, na mwaka 2005 akapata shahada ya uzamili kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 hasa kwa wanaosoma wakiwa mbali.

Lizungumzeni kabla ya nikaha, kwa adabu na mbele ya wazee: nitasoma lini, nani atabaki na mtoto, ada itatoka wapi. Neno lililokubaliwa mapema halileti ugomvi baadaye. Amri ya kwanza katika wahyi ilikuwa ya kusoma, na haikutenga mwanamume na mwanamke.

Na mkifika Mikumi, msirushe pipi dirishani. Ulizeni skuli ya kijiji iko wapi, mpelekeeni mwalimu mkuu vitabu au redio ya jua. Hiyo nayo ni sadaka yenye kuendelea, inshaallah.

Allah azibariki ndoa zenu na awape watoto wenye elimu yenye manufaa. Amin.