Kutoka Karabai hadi Betri: Nishati na Hali ya Hewa katika Uvuvi wa Dagaa Mwanza

Katika mwambao wa Mwanza, kuanzia Pasiansi hadi mwalo wa Kirumba, ambao soko lake hupokea dagaa kutoka visiwa vingi vya Ziwa Victoria, nishati ya mvuvi ilipimwa tangu zamani kwa saa za giza. Dagaa hufuata mwanga katika usiku usio na mbalamwezi, na kwa miongo mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai, yaani taa ambayo mafuta yake husukumwa kwa pampu ya mkono hadi yageuke mvuke na kuwasha kifuko chembamba cha nyuzi. Taa hiyo iliachwa ielee juu ya chelezo hadi samaki wakusanyike, ndipo wavu ukashushwa. Hata hivyo mafuta yalimeza sehemu kubwa ya mapato, na kifuko kilipasuka upesi ziwa lilipochafuka.

Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua huko Mbita, upande wa Kenya, kituo cha kuchaji taa za wavuvi kwa umeme wa jua, na katika miaka iliyofuata taa za betri zilienea pia Mwanza. Kwa mabadiliko hayo hali ya hewa ikawa sehemu ya hesabu, kwa kuwa betri hutoa umeme kwa mmenyuko wa kikemikali unaotegemea joto. Penye baridi kali, ayoni, yaani chembe zenye chaji, husafiri polepole na ukinzani wa ndani huongezeka. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipoyapima magari ya umeme mwaka 2019 katika nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, yalipoteza wastani wa asilimia 12 ya umbali wa safari, na asilimia 41 kipasha joto kilipowashwa.

Mwanza, iliyo mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, haifikwi na baridi ya namna hiyo, kwani hata usiku ziwani joto hutosha betri kutoa nguvu yake yote. Tatizo la hapa ni jua la mchana: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza kwa nusu maisha ya betri ya risasi na asidi, na betri za lithiamu nazo huchakaa mapema zikikaa kwenye joto. Kwa hiyo, iwe ni taa ya dagaa au pikipiki ya umeme, mwenye betri katika mwambao huu aihifadhi kivulini.