Kumtembeza Mtoto Mjini: Desturi ya Watu wa Olmotonyi

Desturi ya baba na mama kumchukua mwana wao aliyeanza kusimama dede, wakashuka naye mjini Arusha si kwa haja ya kuuza wala kununua bali kwa kutembea tu, si ya kale katika vitongoji vya Olmotonyi. Wala haikuzaliwa na mapenzi kwa watoto, maana mapenzi hayo Waarusha, wenyeji wa huko, walikuwa nayo tangu dahari, bali ilizaliwa na mshahara na kalenda.

Zamani mtoto alitoka nyumbani kwa kuwa mama yake alikuwa na shughuli. Siku ya gulio la Ngaramtoni mama alimfunga mgongoni kwa nguo, akamswaga punda aliyebebeshwa mahindi na maharage, na kile kichwa kidogo kikachungulia juu ya bega, kikitazama vumbi na ng'ombe na nyuso za wageni hata usingizi ukakishinda. Baba alikuwa na njia yake, aghalabu ya mnadani.

Wajerumani, baada ya wamisionari Ovir na Segebrock kuuawa Meru mwaka 1896, walileta majeshi ya kuadhibu, wakapora mifugo, na kwenye mwaka 1900 wakasimamisha Boma, ngome yao mjini Arusha, kwa mikono ya wenyeji walioshurutishwa. Mahali pa askari, kodi na kiboko hapakuwa pa kumpeleka mtoto. Waingereza waliligeuza kuwa ofisi; reli ikafika kutoka Moshi mwaka 1929; na chuo cha misitu kilipoanzishwa Olmotonyi mwaka 1937, pakawa na watumishi waliohesabu siku zao kwa juma na mwezi, ambao Jumapili kwao ilikuwa siku ya mapumziko na mwisho wa mwezi uliwapa senti za kupandia gari.

Lakini siku na nauli hazitoshi pasipo mahali pa kwenda. Huko Japani, bustani ya wanyama ya Ueno, mjini Tokyo, ilifunguliwa mwaka 1882, hivyo watu wa mji ule wakapata mapema mahali palipotengenezwa makusudi kwa kutazama na kustarehe. Arusha haikujaliwa hivyo. Kreta ya Ngurdoto ilipofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1960 ilikuwa karibu na mgeni mwenye gari kuliko mkulima, ingawa nadhani mtoto wa Olmotonyi hakupata hasara kubwa, maadamu mbega walikuwa wakirukaruka katika msitu wa Meru bila kudai kiingilio.

Basi jamaa zetu wakajitwalia mahali palipojengwa kwa ajili ya mambo mengine. Boma lilelile la kiboko sasa ni makumbusho ya viumbe, na ukumbi ambamo wakuu wa chama cha TANU walipitisha Azimio la Arusha mnamo Januari 1967 nao ni makumbusho. Mtoto huja amepakatwa ndani ya daladala, hivyo halipiwi nauli. Akishushwa kwenye majani ya Boma hukimbia, huanguka, huinuka, na kokoto moja humshughulisha kuliko wanyama wote waliokaushwa mle ndani. Baba humlinda. Mama, asiyeacha kabisa mwendo wa gulio, hupita Soko Kuu kwanza, kwa kuwa nauli ya kwenda mjini kutembea tu bado yaonekana kwa wengi kuwa israfu.