Baraza, Shauri na Hakimu: Maneno ya Mahakama katika Historia ya Kalinzi

Mtu apandaye kutoka mji wa Kigoma akifuata njia ya Manyovu hufika Kalinzi, nchi ya milima, migomba na mibuni, iliyo juu ya Ziwa Tanganyika na msitu wa Gombe. Katika makala haya tunakusudia kufuata maneno machache ya mahakama na kuona yalivyopita katika nchi hiyo. Hatukuichagua Kalinzi kwa kuwa yaliyotokea huko hayakutokea kwingine. Mengi yake yalitokea Tanzania Bara nzima. Tumeichagua kwa sababu hapo shauri moja dogo la shamba limeweza kupita katika lugha tatu kabla ya kukatwa, na kila lugha imelibadilisha kidogo.

Kabla ya utawala wa kigeni, Buha ilikuwa imegawanyika katika falme kadhaa, na Nkalinzi, kama vitabu vya historia vinavyoiandika, ilikuwa mojawapo. Juu alikuwako mwami, na chini yake watware walioshika sehemu za nchi. Ugomvi uliowashinda wazee wa ukoo ulifikishwa kwa mtware, na uliomshinda mtware ulifika kwa mwami. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhukumu tu. Aliyepokea kodi na kugawa ng'ombe ndiye aliyeamua nani ana haki. Ng'ambo ya mpaka, katika Burundi ambayo lugha yake ni ndugu ya Kiha, wazee waamuzi huitwa bashingantahe, na jina lao latokana na kusimika fimbo ya hukumu. Hao walikuwa wazee walioaminiwa na jirani zao, hata kama hawakuwa watawala. Yafaa kuikumbuka tofauti hiyo, maana itaturudia mbele.

Sasa tulitazame neno hakimu. Limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia hukumu, mahakama na hekima. Msemaji wa Kiswahili anayesema kwamba hakimu asiye na hekima si hakimu anacheza na maneno ya ukoo mmoja, ajue asijue. Lakini katika Kiarabu mzizi huo hubeba maana nyingine pia, ya kutawala: hakimu ni mwamuzi na ni mtawala vilevile. Kwa hiyo, kama neno hili lingalipanda Kalinzi zamani za wami, lingalimfaa mwami kwa maana zote mbili.

Maneno haya yalifika kwanza Ujiji, pwani ya ziwa, pamoja na wafanya biashara Waarabu na Waswahili wa karne ya 19. Ujiji ilijua kadhi na liwali wakati milimani watu wangali wakimjua mtware. Wajerumani walipojenga kituo chao Ujiji mwaka 1896, mkuu wa kituo aliketi kusikiliza ugomvi wa watu, na kikao hicho kikaitwa shauri. Wajerumani wenyewe walilichukua neno hilo wakaliandika katika taarifa zao kwa tahajia ya kwao. Ni neno la ajabu. Maana yake ya asili ni kushauriana, lakini limekuwa pia jambo, ugomvi, na kesi. Mkuu wa kituo aliyekuwa na askari na kiboko nyuma yake hakuwa akishauriana na mtu, ila neno lilibaki na upole wake. Wabelgiji walioishika Kigoma toka 1916 hadi 1921 hawakukaa muda wa kutosha kubadili mengi katika jambo hili.

Waingereza ndio waliolipa neno baraza kazi mpya. Baraza ni kibao cha mawe au udongo mbele ya nyumba ya Mswahili, mahali pa kuketi wageni na kuzungumza. Katika utawala wa kupitia machifu, baraza likawa ndiyo mahakama ya mwami: wazee wameketi, karani anaandika, na mwami anatoa hukumu na kutoza faini. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 ilizitenga kabisa mahakama hizo na Mahakama Kuu. Mtu wa Kalinzi asiyeridhika na hukumu hakuweza kumfikia jaji. Rufani yake ilikwenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana, yaani kwa watawala watupu. Watu hawakuhitaji kusoma sheria ili kulifahamu hilo. Walimwita ofisa wa wilaya bwana shauri, na jina hilo latueleza mengi: anayekusanya kodi ndiye mwenye shauri. Mwaka 1951 ilitungwa sheria nyingine iliyoondoa katika jina la Kiingereza lile neno la wenyeji, lililokuwa na harufu ya dharau, na kuziita mahakama za mahali. Kwa Kiswahili mageuzi hayo hayakuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa baraza liliendelea kuitwa baraza.

Mageuzi ya kweli yalikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Ngazi sasa zikawa tatu katika mfuatano mmoja: mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya, na Mahakama Kuu. (Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliongezwa juu yake mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika.) Mwami hakuwa tena mwamuzi, na mkuu wa wilaya hakuwa tena mlango wa rufani. Hapo ndipo neno hakimu lilipopoteza nusu ya maana yake ya Kiarabu, na kwa maoni yetu hakuna neno katika Kiswahili lililopata faida kubwa zaidi kwa kupoteza. Tangu hapo hakimu ni mwamuzi tu. Aliye katika Mahakama Kuu akaitwa jaji, neno la Kiingereza, ili ngazi zisichanganyike.

Jina mahakama ya mwanzo nalo lastahili sifa. Elimu ya ngazi ya kwanza twaiita ya msingi, na mtafsiri mvivu angeweza kusema mahakama ya msingi, au vibaya zaidi, mahakama ya chini. Waliolichagua neno mwanzo walifanya vema. Lililo chini hudharauliwa, lakini lililo mwanzo lina mbele yake. Mshindwa anayetoka katika mahakama hiyo analijua jina lake, na jina lenyewe lamwambia kwamba safari yaweza kuendelea.

Si kila neno lililopata bahati hiyo. Tazama neno mshauri. Sheria ya 1984, iliyochukua nafasi ya ile ya 1963, iliagiza hakimu wa mahakama ya mwanzo aketi na washauri wasiopungua wawili, na jambo likatwe kwa kura za walio wengi. Maana yake washauri wawili waliweza kumshinda hakimu. Katika Mahakama Kuu, washauri waliosikiliza kesi za jinai walitoa maoni tu, na jaji hakufungwa nayo. Kazi hizo mbili zimetofautiana kama mbingu na ardhi, nazo zilibeba jina moja. Anayeshauri husikilizwa au hasikilizwi. Mzee wa kijijini aliyeitwa mshauri angeweza kudhani kwamba kazi yake ni kuitikia tu, wakati sheria ilimpa kura sawasawa na ya hakimu. Jina la zamani, mzee wa baraza, ambalo wengi waliendelea kulitumia, halikumpa kura, lakini angalau halikumnyang'anya. Twaona kwamba mwamuzi mwenza lingekuwa neno la kweli zaidi kwa mahakama ya mwanzo. Lingelingana na wale wazee wa fimbo tuliowataja, ambao neno lao lilikuwa hukumu yenyewe.

Lililo kubwa zaidi ni lugha ya kumbukumbu. Lugha ya mahakama ya mwanzo ni Kiswahili, na kwa kuwa sheria hizo mbili ziliwazuia mawakili humo, mdai na mdaiwa walijisemea wenyewe. Lakini katika mahakama ya wilaya, ingawa Kiswahili kiliweza kusemwa, sheria iliagiza kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee wa Kalinzi anadai shamba la kahawa kwa mpwa wake. Anasema: "Nilimpa shamba alime." Kwa Kiswahili kumpa mtu shamba kwaweza kuwa kumtunukia liwe lake, au kumruhusu alitumie kwa muda. Ugomvi wote umo katika kitenzi hicho kimoja. Katika mahakama ya mwanzo washauri wanaojua desturi za kilimo milimani waliweza kumwuliza alikusudia lipi. Katika rufani, aliyeandika kwa Kiingereza alilazimika kuchagua, kwani lugha hiyo ina neno la kutunuku na neno jingine la kuazima. Akishachagua, maana nyingine imekufa, na mzee hawezi hata kusoma alichosemeshwa. Kwa miaka mingi karatasi hizo zilisafiri mpaka Tabora, zilikosikilizwa rufani za Mahakama Kuu kutoka Kigoma, huku maneno yake mwenyewe yamebaki mlimani.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote, Kiingereza kikiruhusiwa pale ambapo haki itahitaji. Mwanzoni mwa mwaka huo, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Kwa hiyo ile tafsiri ya pili, ya kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, imepata dawa.

Imebaki ile ya kwanza, ambayo huzungumzwa mara chache. Yule mzee huenda hakusema "nilimpa" hata kidogo. Huenda alisema kwa Kiha, na mkalimani, au karani mwenye haraka, ndiye aliyeleta kitenzi cha Kiswahili. Waundaji wa istilahi za sheria wamezoea kutazama upande wa Kiingereza wakitafuta visawe. Kazi iliyo mbele yao sasa iko upande wa pili: kukusanya kwa wakulima wa Kalinzi na Manyovu maneno wanayotumia kwa shamba la kupewa, la kuazimwa, la kurithi na la kuwekwa rehani, na kuona ni yapi kati ya hayo Kiswahili kina neno lake na ni yapi bado karani huyaingiza yote katika kitenzi kupa.